Nani Anayemjua Mgonjwa wa Kitanda Namba Tatu?

Familia inayomfikisha mgonjwa wake ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, huulizwa maswali mengi kwa muda mfupi. Bima ipo? Nani atachangia damu? Nani atasaini? Kuna dawa inayomdhuru? Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: miwani yake iko wapi?

Mtu amelala na mpira kooni, mashine inampumulia, halafu anaulizwa habari za miwani; utadhani ni mzaha. Lakini fikiria mzee asiyeona vizuri bila miwani wala kusikia bila kifaa chake cha sikioni. Anazinduka kwenye chumba ambacho taa zinawaka usiku na mchana, vyombo vinalia pande zote, na watu waliofunika nyuso wanamgeuza na kumchoma sindano. Ataelewa nini? Wengine huamini wametekwa. Wengine huona wadudu wakitambaa ukutani, au husikia wauguzi wakipanga kuwaua, ndipo wanapojaribu kuchomoa mipira waliyowekewa. Wapo pia wanaolala tu wakikodolea dari macho, na kila anayepita hudhani wametulia, kumbe akili zao ziko mbali kabisa.

Kuweweseka huku si jambo la wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilichoko Nashville, Marekani, waliwapima kila siku wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, wakakuta zaidi ya wanane kati ya kumi wameweweseka kwa muda fulani. Katika utafiti wao wa wagonjwa 224 uliochapishwa mwaka 2004, asilimia 34 ya walioweweseka walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita. Kwa wale ambao akili zao zilibaki sawa, ilikuwa asilimia 15. Chanzo chake si kimoja: maambukizi, upungufu wa oksijeni, dawa za usingizi, maumivu, kukosa kulala kwa siku kadhaa. Hakuna kidonge kinachoiondoa hali hiyo. Kinachosaidia ni mambo ambayo hayauzwi duka la dawa: kupunguza dawa za usingizi mapema iwezekanavyo, kumkalisha mgonjwa na kumsimamisha, kuzima taa usiku, kumvisha miwani yake, na kumwambia tena na tena kwamba leo ni Jumanne, uko hospitali, ulipata ajali, mimi ni mwanao Asha.

Muuguzi anaweza kuyasema hayo yote. Asha akiyasema, yanaaminika.

Huduma ya ICU yenyewe ilianzia kwenye mikono ya watu waliokaa kando ya vitanda. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Katika Hospitali ya Blegdam, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wanakufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza watobolewe koo, waingizwe mpira, kisha mtu awasukumie hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mashine za kufanya kazi hiyo hazikuwapo za kutosha, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, wapatao 1,500, wakaminya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Vifo vilishuka hadi karibu robo ya wagonjwa. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake ubavuni, aliyemtazama uso ili ajue kama hewa inatosha.

Mashine zilipokuja, zikachukua kazi ya mikono ile. Vyumba vikajaa vyombo, na milango ikafungwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki: ndugu wataleta vijidudu, watamchosha mgonjwa, watampandisha mapigo ya moyo, watawazuia wauguzi kufanya kazi. Kwa miongo kadhaa, nchi baada ya nchi, ndugu wakapewa nusu saa mchana na nusu saa jioni. Kwa muda mrefu karibu hakuna aliyejaribu kupima kama hofu hizo ni za kweli.

Waitaliano walipima. Katika Hospitali ya Careggi mjini Florence, madaktari wa ICU ya magonjwa ya moyo walibadilisha utaratibu kwa awamu: miezi miwili ndugu wanaingia kwa masharti makali, miezi miwili wanaingia watakavyo. Matokeo ya wagonjwa 226 yalichapishwa mwaka 2006. Ni kweli kwamba mlango ulipoachwa wazi vijidudu viliongezeka chumbani. Maambukizi kwa wagonjwa hayakuongezeka. Tena, matatizo ya moyo na mzunguko wa damu, yale hasa ambayo ndugu walihofiwa kuyasababisha, yalitokea karibu mara mbili zaidi katika miezi ya masharti kuliko katika miezi ya mlango wazi. Huenda moyo wa mgonjwa ulikuwa unapata taabu kwa upweke.

Baada ya matokeo kama hayo ni rahisi kuigeuza familia kuwa dawa ya kila kitu. Brazil imesaidia kutuliza mambo. Huko, ICU 36 na wagonjwa 1,685 walihusishwa katika utafiti uliotoka mwaka 2019: kipindi kimoja ndugu waliruhusiwa kukaa hadi saa 12 kwa siku baada ya kufundishwa namna ya kukaa na mgonjwa, kipindi kingine walibaki na saa moja na nusu hivi. Watafiti walitarajia kuweweseka kungepungua sana. Hakukupungua kiasi cha kutamba: asilimia 18.9 dhidi ya 20.1, tofauti ambayo huenda ni ya bahati tu. Kilichobadilika ni ndugu wenyewe. Wasiwasi na sonona vilipungua kwao, na maambukizi hayakupanda. Wahudumu nao hawakuchoka kupita kawaida. Kuna namba nyingine ndogo ambayo wakuu wa hospitali wangeisoma mara mbili: ingawa mlango ulikuwa wazi kwa saa 12, kwa wastani ndugu walikaa chini ya saa tano. Watu wana kazi, wana watoto, wana safari ya daladala. Ile picha ya ukoo mzima kupiga kambi kitandani haikutokea.

Afrika Mashariki mambo yana sura yake. Hapa familia haijawahi kuwa mgeni hospitalini. Katika wodi ya kawaida ndugu ndiye anayekuja na hotpoti na chupa ya uji, anafua kanga, anampeleka mgonjwa chooni, na anakimbia na karatasi ya dawa hadi duka la nje ya geti pale dirisha la ndani linapojibu kwamba hakuna. Usiku hulala kwenye mkeka uani. Mgonjwa akizidiwa na kuhamishiwa ICU, ndugu huyo huyo ghafla anakuwa mtu wa kusimama mlangoni. Ni mpangilio usio na akili sana: mgonjwa anapopoteza uwezo wa kujisemea, ndipo anapoondolewa aliyekuwa akimsemea.

Kuna mambo ambayo faili haliyaandiki. Bibi aliyetolewa kijijini Shinyanga, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, akiwa na homa kali hurudi kwenye Kisukuma chake. Muuguzi anamwambia kwa Kiswahili safi afumbe mkono, naye hafumbi. Anaandikiwa kwamba hafuati maagizo. Mjukuu anainama sikioni, anamwambia kwa lugha ya nyumbani, na mkono unafumba. Mgonjwa ni yule yule, lakini hesabu ya fahamu zake imebadilika kabisa, na pengine hata uamuzi wa kumpiga picha ya kichwa. Ndugu ndiye anayejua pia kwamba mzee huyu siku zote hulalia ubavu wa kushoto, kwamba jicho moja halioni tangu utotoni, kwamba alikuwa akinywa dawa ya presha siku moja anaruka siku mbili, na kwamba nyumbani hakuna anayemwita kwa jina lililoandikwa kwenye faili.

Zaidi ya hayo, wagonjwa mahututi wengi wa bara hili hawafiki kwenye chumba chenye mashine. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukihusisha wagonjwa karibu 20,000. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao mahututi, asilimia 69 walikuwa wamelazwa kwenye wodi za kawaida. Ndani ya wiki moja, mtu mmoja kati ya watano wa kundi hilo la mahututi alikuwa amefariki, wakati kwa wagonjwa wengine hawakufika hata watatu kwa mia. Vitanda ni vichache: hesabu iliyofanywa Kenya wakati Uviko unaanza mwaka 2020 ilikuta vitanda vya ICU 537 na mashine za kupumulia 256 kwa nchi nzima. Hata wanaopata kitanda hali yao huwa ngumu. Katika hospitali nne kubwa za rufaa za Tanzania, kati ya wagonjwa 5,627 waliolazwa ICU kuanzia mwaka 2009 hadi 2012, asilimia 41.4 walifariki.

Kwa hiyo kwa wengi ICU ni kitanda cha kawaida wodini, muuguzi mmoja kwa wagonjwa lukuki, na ndugu aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara ni miongoni mwa wanaohimiza kwamba mgonjwa mahututi, popote alipolazwa, apate kwanza yale ya msingi: kutambuliwa mapema kwamba amezidiwa, njia ya hewa kuwa wazi, oksijeni, dripu. Hili la kwanza, la kutambua, ndugu analiweza kuliko anavyodhaniwa. Anaona pumzi zimekuwa za haraka kuliko asubuhi. Anaona mfuko wa mkojo haujaongezeka tangu mchana. Anaona mtu aliyekuwa anaitikia sasa haitikii, au ile mashine ya oksijeni imenyamaza. Anachokosa ni ruhusa ya kusema na mtu wa kumsikiliza bila kumwambia, “Mama, kaa pembeni.” Hospitali ikimweleza ndugu dalili nne tano za kutazama na mtu wa kumwita, haijamgeuza kuwa muuguzi; uhaba wa wauguzi ni deni la serikali, na haulipwi kwa jasho la shangazi.

Upo na upande wa madhara, na ndugu wanapaswa kuelezwa wazi. Mfano wa karibu ni maji. Mgonjwa midomo imekauka na kupasuka, mkewe hawezi kuvumilia, anachovya kijiko. “Tone moja tu, baba.” Misuli ya koo imelegea kwa ugonjwa na dawa, tone halishuki tumboni bali linaingia mapafuni, na kesho yake kuna nimonia juu ya ugonjwa uliomleta. Vivyo hivyo na uji unaosukumwa kwa haraka kwenye mpira wa puani mgonjwa akiwa amelala chali. Kumkataza mke huyo kwa ukali hakumsaidii mtu, maana haja yake ya kufanya kitu haiondoki. Muuguzi mwenye busara humpa kitambaa safi chenye unyevu alainishe midomo, humwonyesha kuinua upande wa kichwa wa kitanda, humfundisha kuosha mikono kabla na baada, na kumpaka mafuta miguu akitazama kisigino na kiuno kama ngozi imeanza kuwa nyekundu au nyeusi zaidi, kwa kuwa vidonda vya kulalia huanzia hapo. Mgonjwa wa hivi hugeuzwa kila baada ya saa kadhaa. Mikono minne hugeuza vizuri kuliko miwili.

Na habari za ugonjwa? Elie Azoulay wa Paris, ambaye ameitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza familia za ICU, aliripoti mwaka 2000 kwamba ndugu zaidi ya nusu, baada ya kuzungumza na daktari, hawakuwa wameelewa ugonjwa, matibabu au matarajio. Hao walikuwa Ufaransa, tena wengi wao wakizungumza lugha moja na daktari wao. Hapa kwetu kuna ziada: daktari anasema “hali yake ni tete,” baba mdogo anafikisha kwa wengine kuwa “anaendelea vizuri, tumuombee,” na kufikia jioni kundi la WhatsApp la familia lina habari tatu zisizofanana, huku watu saba wakimpigia simu muuguzi mmoja. Dawa yake ni ya zamani, na ukoo wowote uliowahi kupeleka posa unaijua: anachaguliwa msemaji. Huyo ndiye anayekutana na daktari saa inayojulikana, akiwa na maswali yaliyoandikwa. Kiungo gani kimeshindwa? Mashine hii inamfanyia nini? Ikienda vizuri, kesho tuone nini, na ikienda vibaya je? Daktari akijibu kwa maneno magumu, aombwe arudie.

Siku ikifika ya kuamua mambo mazito, swali hubadilika. Familia nyingi huulizwa, “Mnataka tufanye nini?” na mtoto wa kwanza hubeba jibu hilo kifuani kwa miaka. Swali lililo sahihi zaidi ni lingine: “Mzee mwenyewe, kwa mnavyomjua, angetaka nini?” Hapo ndugu haombwi kuhukumu uhai wa baba yake. Anaombwa ushahidi, na anao.

Jinsi ya kusema nayo ina uzito. Katika ICU 22 za Ufaransa, Alexandre Lautrette na wenzake walilinganisha familia zilizopata kikao cha kawaida na zile zilizopewa kikao kirefu kidogo cha kusikilizwa pamoja na kijitabu kuhusu msiba. Cha kawaida kilichukua kama dakika 20, kirefu kama dakika 30. Miezi mitatu baada ya kifo, dalili za kiwewe zilionekana kwa asilimia 69 ya ndugu wa kundi la kwanza na asilimia 45 ya kundi la pili. Dakika kumi.

Maana ICU humuumiza pia asiyelazwa. Miezi mitatu baada ya mgonjwa kutoka au kufariki, theluthi moja ya ndugu waliofuatiliwa na timu ya Azoulay katika utafiti wa mwaka 2005 walikuwa na dalili za kiwewe: kushtuka usiku, kuikwepa barabara ya hospitali, kusikia vyombo vikilia mahali visipokuwepo. Miaka ya Uviko ilionyesha kinachotokea ndugu wakitengwa kupita kiasi. Milango ilifungwa kabisa, watu waliaga wazazi wao kupitia simu iliyoshikwa na muuguzi aliyevaa glavu. Nchini Ufaransa, ndugu wa waliougua mapafu kwa Uviko walikuwa na dalili za kiwewe kwa asilimia 35, dhidi ya 19 kwa ndugu wa wagonjwa wenye hali kama hiyo ya mapafu iliyosababishwa na maradhi mengine.

Wauguzi wa nchi za Skandinavia walibuni kitu cha bei ya daftari la shule, na kweli ni daftari. Linakaa kando ya kitanda. Wauguzi na ndugu huandika humo, kila siku, kwa lugha ya kawaida, yanayompata mgonjwa: “Leo Alhamisi. Umefungua macho tulipokutajia mechi ya Simba na Yanga. Mchana wamekutoa mpira wa kifuani. Mama Neema amekuja, akalia kidogo, akacheka.” Mgonjwa akipona hulisoma, na huweza kutenganisha yaliyotokea na majinamizi aliyoyaota: yule mtu aliyemkaba alikuwa muuguzi akimnyonya makohozi. Utafiti wa Christina Jones wa mwaka 2010 katika hospitali 12 za Ulaya ulikuta kiwewe kipya kwa asilimia 5 ya waliopewa daftari mapema, na asilimia 13 ya waliocheleweshewa. Utafiti mkubwa wa Ufaransa wa mwaka 2019 haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo hakuna wa kuapa kwamba daftari linatibu. Ila ni vigumu kulipinga jambo lisilo na gharama, lisilo na madhara makubwa, na linalompa kazi mtu aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri.

Kisha huja siku ya kuruhusiwa, ambayo familia huisherehekea kama mwisho. Karatasi ya kutokea ina majina ya dawa na tarehe ya kliniki. Mara nyingi haina neno juu ya mtu mwenyewe anayerudi nyumbani: misuli imesinyaa kiasi kwamba ngazi tatu za mlangoni ni mlima, sauti imekwaruza, anasahau alichoambiwa asubuhi, analia bila sababu, anaogopa kulala taa ikizimwa. Madaktari walilipa jina kundi hili la matatizo mwaka 2012, na huweza kudumu miezi au miaka. Familia isiyoambiwa humwona mtu wao amekuwa mvivu, au amelogwa. Familia iliyokuwa ndani, iliyofundishwa kumgeuza, kumlisha, kumnyoosha viungo na kumtuliza anapoweweseka, inaijua kazi hiyo tayari, na inajua la kuuliza kliniki: mazoezi ya viungo yaanze lini na kwa nani, kikohozi cha namna gani kiturudishe haraka, na kwa hizi ndoto za usiku tumwone nani.